Nane ya Saa Ngapi?

Maneno haya niliyasema barazani Ngamiani, Tanga, jioni ya 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikapunguza tu vicheko vyenu na kikohozi changu.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliokaa mikekani, shikamooni. Na nyie vijana mlioegemea baiskeli pale nje, ingieni, kivuli kipo.

Mimi si daktari. Nalisema mapema ili mtu asije akanifuata baadaye kunionyesha mguu. Mimi ni mtu wa maabara, mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kupokea damu za watu, kuzipima na kuandika namba kwenye karatasi. Karatasi ikitoka dirishani, sikujua tena inakwenda kufanya nini huko nje. Nimekuja kujua nilipostaafu nikaanza kukaa baraza.

Maana hapa, baada ya Alasiri, habari ni sukari. Mmoja anasema, "Mimi leo nane." Mwenzake anamjibu, "Nane tu? Mimi kumi na mbili na mzima kama unavyoniona." Wa tatu anajitapa ana sita. Basi yule wa nane anarudi nyumbani roho juu, yule wa sita anapitia kwa muuza kaimati kujipongeza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mimi ningeliuliza kabla ya jingine lolote: nane ya saa ngapi?

Mtu akija mbio kutoka uwanja wa mpira wa Mkwakwani akakwambia Coastal Union wanaongoza moja bila, huanzi kushangilia. Unamuuliza kwanza, dakika ya ngapi? Moja bila ya dakika ya tano si moja bila ya dakika ya tisini. (Wa African Sports mnisamehe, nimetoa mfano tu.) Na sukari ni vivyo hivyo. Nane ya asubuhi kabla hujatia kitu kinywani ni habari nzito. Nane ya masaa mawili baada ya wali wa nazi, kwa mtu ambaye tayari ana kisukari na yuko kwenye dawa, hiyo ni nane ya kupewa mkono. Namba ni ileile, habari ni mbili.

Tuanze na kipimo cha kufunga. Kwenye kadi za kliniki mtakiona kimeandikwa FBG. Maana yake masaa manane au zaidi hujala wala kunywa chochote isipokuwa maji matupu. Maji ruhusa. Kuna watu walikuwa wanakuja midomo imekauka kama mchana wa Ramadhani, haikuwa na haja. Taabu ilikuwa kwingine. Namuuliza mtu dirishani, "Umekula?" Ananijibu, "Sijala." Nauliza tena, "Umekunywa chai?" "Ah, chai nimekunywa." Kwetu sisi kula ni wali, chai na vitumbua vinne ni kunywa! Kwa hiyo ukiambiwa usile, elewa kwamba na chai imo. Kula chakula chako saa mbili usiku, lala, uwe maabara saa moja asubuhi, masaa yamekwisha timia na ziada.

Mpaka wa kisukari kwa damu ya kufunga, kwa Shirika la Afya Duniani, ni 7.0 milimoli kwa lita kwenda juu. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 uko kati, hujaugua lakini mwili unakunong'oneza. Wamarekani wao wanaanza kushtuka mapema zaidi, kwenye 5.6. Sitagombana nao.

Cha pili ni kipimo cha wakati wowote, RBG kwenye kadi. Hiki hakiulizi umekula nini. Kinasema kitu kimoja tu kwa nguvu: kama una dalili zenyewe, kiu isiyokatika, mkojo usiku kucha, mwili kupukutika bila sababu, na namba ni 11.1 au zaidi, hapo daktari hana haja ya kungoja ushahidi mwingine. Kama huna dalili, namba moja haitoshi kumtwika mtu ugonjwa wa maisha. Inarudiwa siku nyingine.

Hili la kurudia linapuuzwa na linaniuma. Jirani yangu alikwenda kituo kimoja, jina lake halitusaidii, akiwa na homa kali. Njiani alikuwa amekunywa soda kwa kiu ya homa. Akatobolewa kidole, 11.3. Akarudi nyumbani na mfuko wa vidonge na sentensi moja: una kisukari. Habari ya soda hakuulizwa, wala hakuambiwa kwamba mwili ukipigana na maradhi hupandisha sukari wenyewe. Homa ilipokwisha alipimwa kwa kufunga, siku mbili tofauti: 5.2, kisha 5.0. Daktari mwingine ndiye aliyemwachisha vidonge. Nasema daktari, sikusema mimi. Asitoke mtu hapa akaenda kutupa dawa zake ati mzee wa maabara kasema.

Sasa swali ambalo mama zangu hawachoki kuniuliza: "Nimelala njaa, sukari ya asubuhi imetoka wapi?" Imetoka ndani yako. Ini ni ghala. Ukila, linaweka akiba. Ukilala, linaitoa kidogo kidogo, kwa sababu ubongo haulali na chakula chake ni glukosi, yaani sukari hiyohiyo ya damu. Karibu na alfajiri, homoni zinazouamsha mwili hupanda, ini likaongeza kutoa. Mtu asiye na kisukari, kongosho lake linamwaga insulini, homoni ya kushusha sukari, na ini linaambiwa basi, inatosha. Mwenye kisukari, lile "basi" halisikiki vizuri, bomba linaendelea kutiririka. Nilimjua mama mmoja aliyeacha kabisa chakula cha usiku wiki nzima ili namba ya asubuhi ishuke. Haikushuka. Akaniambia mashine imerogwa. Mashine ilikuwa salama. Ghala lake ndilo lililokuwa halina mlinzi, na dawa ya hilo ni mazungumzo na daktari, si kulala njaa.

Mniruhusu kidogo niseme la kazi yangu, maana nisiposema mimi hamtalisikia kwa mtu. Damu ikitoka mshipani haifi papo hapo. Chembe zake zinaendelea kula ile sukari iliyomo. Kwenye kichupa cha kawaida sukari hupungua asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwenye joto kama hili letu chembe zinakula kwa pupa zaidi. Ndiyo sababu damu ya sukari ina kichupa chake, chenye kifuniko cha kijivu na floraidi ndani ya kuzizuia, na hata hiyo floraidi inachukua muda kabla haijashika kazi sawasawa. Fikirieni damu imetolewa zahanati ya mbali asubuhi, imewekwa kichupa kisicho chake, ikangoja bodaboda, ikafika maabara baada ya masaa manne. Iliyokuwa 7.4 inaweza kusomeka 5.8. Mgonjwa anaambiwa yuko salama, anarudi kwake kwa furaha. Kwa hiyo hata damu iliyo kichupani nayo iulizwe saa. Una haki ya kumuuliza mtoa damu, kwa adabu: mwanangu, hii itapimwa saa ngapi?

Kipimo cha kunywa glukosi nitakipitia haraka. Unapimwa umefunga, unapewa gramu 75 za glukosi kwenye maji, unakunywa, unakaa kitako masaa mawili bila kuzurura, unapimwa tena. 11.1 kwenda juu ni kisukari, 7.8 hadi 11.0 ni njia panda. Wengi hawakipendi kwa utamu wake unaochefua. Lakini wenye mimba wakisikie vizuri, kwa sababu kisukari cha mimba hakina kelele, na kwa kawaida hutafutwa wiki ya 24 hadi 28. Mipaka yao ni ya chini kuliko yetu: kwa kufunga 5.1, saa moja baada ya kunywa 10.0, masaa mawili 8.5, na moja tu ikifika mpaka wake inatosha. Mkweo akikwambia "mbona mimi nilizaa saba bila kupimwa," mwitikie "ndiyo mama," kisha nenda kapimwe.

Tunafika kwenye kile ninachokipenda. Watu wanakiita kipimo cha miezi mitatu. Maandishi yake ni HbA1c. Hiki hakijali umekunywa chai. Unaweza kupimwa umeshiba pilau.

Kinavyofanya kazi, fikirieni kaimati na shira. Chembe nyekundu ya damu ina himoglobini ndani yake, ile protini inayobeba oksijeni. Sukari inayoelea kwenye damu inaigandamia himoglobini kama shira inavyoshika kaimati, na shira ikiwa nzito hushika nyingi zaidi. Ikishashika haifutiki mpaka chembe yenyewe ife, na chembe huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo tukihesabu ni asilimia ngapi ya himoglobini imeshikwa, tunajua shira ilikuwaje kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Samuel Rahbar, mwanasayansi wa Iran, aliikuta himoglobini hii imezidi kwa wenye kisukari mwaka 1968. Shirika la Afya Duniani lilikubali itumike kutambua ugonjwa mwaka 2011, mpaka wake ukiwa asilimia 6.5. Kwa mtu aliyekwisha kuwa na kisukari, wengi huwekewa lengo la chini ya 7, ingawa mzee wa miaka themanini anayeishi peke yake hawezi kuvutwa kwa kamba moja na kijana.

Asilimia 7 ni sawa na wastani wa 8.6 kwenye mashine ya kidole. Asilimia 9 ni kama 11.8. Kidole ni matokeo ya mechi moja, hiki ni msimamo wa ligi.

Alikuwako mzee wetu mmoja, Mungu amrehemu, fundi wa kujipamba kwa kliniki. Siku mbili kabla ya tarehe yake, nyumba nzima mchicha na dagaa. Anatembea kwa miguu kutoka hapa mpaka Raskazone na kurudi. Siku yenyewe anapimwa kwa kufunga, 6.4, manesi wanamsifu, anarudi nyumbani anaagiza mkate wa kumimina. Mambo yakaenda hivyo kwa muda mrefu. Kikaja kipimo cha miezi mitatu, akatoa damu kwa tabasamu lake lilelile. Majibu: asilimia 10.8, yaani wastani wa karibu 14 na nusu. Akasema mashine yenu ina fitina. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, hakusema neno, lakini alicheka mpaka akajifunika kanga. Njia ya mwongo fupi, na ya huyu ilikuwa na urefu wa siku 120.

Ila nacho kina pa kukosea, na kwetu hapa pwani ni muhimu. Kinategemea chembe iishi umri wake. Mwenye selimundu, yaani sikoseli, chembe zake hufa mapema, shira haipati muda wa kushika, majibu yanatoka mazuri kwa uongo. Aliyeongezewa damu juzi anapimwa damu ya mwenzake. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuyapandisha bila kosa. Na mjamzito hafai kukitegemea. Kama una lolote katika haya, sema kabla hujatolewa damu, hata kama hujaulizwa.

Haya, mashine ya nyumbani. Wanaita glukomita. Hii ni ya kufuatilia ugonjwa. Kumtambulisha mtu kwamba ana kisukari, bora damu ya mshipa maabara pale inapowezekana. Viwango vya kimataifa vyenyewe vinairuhusu ikosee kidogo: namba kubwa ikipishana na ya maabara kwa asilimia 15 bado inahesabika imefaulu. Kwa hiyo 10 yako inaweza kuwa 8 na nusu au 11 na nusu. Msigombane kwa sababu jana 9.1 na leo 9.6. Hiyo si habari, hiyo ni mashine inapumua.

Makosa makubwa hayatoki kwenye mashine, yanatoka kwenye vidole. Msimu wa machungwa ya Muheza dada mmoja alikuja kwangu analia. Kampima mumewe, 19. Nikamuuliza, mumeo alikuwa anafanya nini? Alikuwa barazani anamenya machungwa. Nikamwambia rudi, anawe kwa maji na sabuni, akaushe, mpime tena. 7.1! Maji ya tunda yaliyobaki kidoleni yanapimwa pamoja na damu, na tone lenyewe ni dogo mno kiasi kwamba uchafu kidogo tu unalitawala. Embe ni hivyo hivyo. Toboa ubavuni mwa kidole, siyo katikati ya ncha panapouma, na usikamue kama unakamua tui. Stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, zikae kwenye kopo lake, kifuniko kimefungwa, mbali na jiko. Unyevu wa bahari yetu hii unaziua kimyakimya. Na zina tarehe ya kwisha kama maziwa.

Mashine ya zawadi kutoka Marekani nayo imeshatia watu kiwewe. Bibi kaletewa na mjukuu, kajipima, imeandika 150, akaanza kuusia watoto. Wale wanapima kwa miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18, unapata 8.3. Bibi akaomba chai.

Najua mnachotaka kusema: stripu ghali. Kweli ghali. Kwa hiyo msizitawanye. Anayetumia insulini afuate ratiba aliyopewa kliniki, yeye hana hiari. Lakini wewe wa vidonge mwenye stripu nne kwa wiki, kuliko kupima kila Jumatatu asubuhi ukiona namba ileile, zitumie kwa jozi. Chagua chakula unachokishuku. Pima kabla hujakila, pima tena masaa mawili tangu tonge la kwanza. Wiki hii mihogo ya nazi, wiki ijayo ugali. Lengo la wengi ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 baada ya masaa mawili. Jozi mbili kwa wiki, kwa mwezi mmoja utakijua chungu chako kuliko mtu yeyote. Andika daftarini: tarehe, saa, nilikula nini, dawa nilikunywa au sikunywa. Daftari lisilo na saa, mtu wa kliniki hawezi kulifanyia kazi.

Tumesema sana ya juu, kuna ya chini. Chini ya 3.9 sukari imeshuka, chini ya 3.0 ni hatari. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno yasiyoeleweka. Watu wanadhani mzee kapandwa na jini. Akiwa anaweza kumeza, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kama bado rudia. Kisha apate chakula. Akiwa hajitambui, usimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Na Ramadhani. Kila mwaka naulizwa kama kutoboa kidole kunafungulisha. Wanazuoni wengi wamejibu kwamba hakufungulishi, na wataalamu wa kisukari wanasisitiza mfungaji ajipime mchana. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, unafungua, hata kama adhana imebaki nusu saa. Nawajua wanaoficha mashine mpaka Magharibi wasije wakaona namba. Na anayetaka kufunga aende kliniki mwezi kabla, siyo siku ya kuandama mwezi.

Jambo moja sitaki kulisahau kwa sababu linahusu asiyeweza kujisemea. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, anakunywa maji kama kajaza pipa, anakonda, anatapika: usimngojee afunge, usitafute kipimo cha miezi mitatu. Kidole, siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Kabla ya mwaka 1922, ambapo insulini ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza kule Toronto, watoto wa namna hii hawakuwa wanapona. Tarehe ya leo yenyewe ni siku ya kuzaliwa ya Frederick Banting, mmoja wa walioigundua. Siku hizi mtoto akiwahi anaishi, anasoma, anazeeka.

Nimesema mengi, na watu wa vipimo wamekwisha panga meza yao chini ya mwembe. Sasa ni saa kumi na moja jioni, hakuna aliyefunga, kwa hiyo mtakachopimwa ni cha wakati wowote, na saa itaandikwa kwenye karatasi pamoja na mlichokula mchana. Msione haya kusema; kama ni biriani semeni biriani. Atakayepata 11.1 au zaidi atapewa barua ya kwenda kituo chake kesho asubuhi, bila chai, mmenielewa chai ni nini. Akiwa na dalili zile asingoje kesho, atasindikizwa hospitali ya Bombo leo. Foleni inaanzia kwenye ile ndoo ya maji na sabuni. Na wewe kijana wa baiskeli ya bluu, naliona ganda la chungwa mkononi mwako. Nawa mara mbili.